Mavumbi ya Banda na Kifua cha Mfugaji

Mfugaji akianza kukohoa, watu wa kwetu husema ni baridi. Akikohoa mwezi mzima husema ni kifua kikuu, na wapo wasemao amerogwa. Walakini ni wachache wamwulizao hukaa bandani saa ngapi kwa siku, na hewa ya humo ikoje. Katika makala hii nataka kueleza ya kuwa hewa ya banda yaweza kuumiza kifua cha mtu mzima mwenye afya, jinsi inavyoumiza, na mambo tuwezayo kuyafanya bila fedha nyingi. Nawaandikia wenzangu walio katika zamu ya mradi wa kuku wa shule, walimu wanaotusimamia, na wazazi ambao wengi wao wanatusomesha kwa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa. Sisemi mtu aache kufuga. Bila kuku mimi nisingekuwa na godoro la bweni wala madaftari.

Yafaa kwanza tufanye hesabu kidogo. Mtu aliyekaa kimya huvuta hewa kiasi cha nusu lita kwa pumzi moja, naye hupumua mara 12 hadi 15 kwa dakika. Yaani lita 6 au 7 na ushei. Mtu huyo huyo akishika koleo na kuchota matandazo yaliyogandamana, pumzi zake huwa nzito na za haraka, naye aweza kufikia lita 40 kwa dakika. Kwa saa moja hizo ni lita 2,400, sawa na mapipa 12 yale ya lita 200. Basi wanafunzi wawili waliomo katika banda moja, mmoja akiandika idadi ya mayai na mwingine akichota kinyesi, hawali mavumbi sawasawa. Mwenye koleo hula kama mara sita ya mwenzake.

Mwili una vichujio vyake. Puani mna vinyweleo na kamasi, na ndani ya njia za hewa mna vijinywele vidogo mno ambavyo hupepea daima na kuisukuma kamasi juu, tukaitema au kuimeza. Chembe kubwa za mavumbi hukomea hapo. Lakini unywele wa kichwa una unene wa kiasi cha mikromita 70, na chembe zisizofika mikromita 5 zaweza kupita vichujio vyote na kushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Vifuko hivyo vikitandazwa chini vingepata kama mita za mraba 70, pungufu kidogo ya nusu ya uwanja wetu wa mpira wa wavu, nao ukuta wake ni mwembamba mno, kwa sababu kazi yake ni kupitisha oksijeni iingie katika damu. Wala hapo hapana vijinywele vya kufagia.

Tena mavumbi ya banda si udongo mtupu kama mavumbi ya barabarani. Humo mna kinyesi kilichokauka, magamba ya ngozi, vipande vya manyoya, unga wa chakula cha kuku, maranda ya mbao, kuvu, na bakteria wazima na waliokufa. Hao waliokufa wasidharauliwe. Ukuta wa bakteria wa aina fulani una sumu ambayo hubaki vile vile hata bakteria mwenyewe akiisha kufa, na sumu hiyo ikifika mapafuni huufanya mwili upigane kana kwamba umeshambuliwa: njia za hewa huvimba, kamasi huzidi, kifua hubana. Kwa hiyo yule asemaye, "Kinyesi kimekauka, hakina neno," hajafikiri sawasawa.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, na humo alieleza habari za watu wapepetao nafaka, jinsi mavumbi yanavyowasumbua vifua na macho. Huyu ndiye aliyewafundisha matabibu ya kuwa, pamoja na maswali mengine wanayomwuliza mgonjwa, wamwulize pia afanya kazi gani. Imepita miaka zaidi ya 300, na swali hilo bado husahauliwa. Nitaeleza lililompata mama yangu, naye ameniruhusu kuliandika.

Mama hufuga kuku wa mayai 400 nyuma ya nyumba. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwezi wa Juni na Julai huwa na baridi kali, na wafugaji huziba mabanda kwa maturubai usiku na mchana ili kuku wasipunguze mayai. Mwaka juzi alianza kukohoa, hasa usiku, na kifua kilipiga filimbi. Katika zahanati moja alipewa dawa ya malaria, na baada ya wiki chache akapewa tena, wala hakupimwa hata mara moja. Baadaye alipimwa makohozi katika hospitali, akaonekana hana kifua kikuu. Daktari alipomwuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" alijibu, "Sina kazi, nipo nyumbani tu."

Jibu hilo nimelifikiri sana. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kulisha kuku 400, akasafisha vyombo vya maji, akageuza matandazo, akaokota mayai na kuyabeba mpaka sokoni, asema hana kazi! Kama hana kazi, basi ugonjwa wa kazini haumhusu. Daktari angeliishia hapo, lakini kwa bahati mama alitaja ya kuwa alipokwenda msibani kwa mama mdogo, akakaa siku kumi, kikohozi kilikuwa karibu kuisha, na siku ya pili baada ya kurudi nyumbani kikaanza upya. Daktari akauliza tena nyumbani kuna nini. Ndipo kuku wakatajwa. Akampulizisha katika chombo cha kupima nguvu ya pumzi, akasema njia zake za hewa zimevimba kwa mavumbi na hewa kali ya banda, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na kumweleza ya kuwa dawa hiyo peke yake haitoshi iwapo banda litabaki vile lilivyo.

Hiyo ndiyo dalili ambayo ningependa kila mzazi aikumbuke: kikohozi kinachopungua mtu akiwa mbali na mifugo, na kurudi akiirudia. Mtu akiona hivyo, amwambie daktari pasipo kungojea kuulizwa, na aeleze mifugo ni wangapi, banda ni la namna gani, na kazi aifanyayo humo. Hata hivyo asijitibu kwa kudhani tu ni mavumbi. Kikohozi kilichofika wiki mbili hakina budi kupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho hapa nchini hakilipiwi.

Kuna na homa nyingine ambayo nadhani huwapoteza watu wengi. Mtu hufanya kazi asubuhi katika marobota ya majani makavu yaliyoota ukungu, au katika stoo ya pumba zilizovunda. Mchana hajambo. Jioni, baada ya saa 4 hadi 8, hushikwa na baridi ya mwili, homa, viungo kuuma, kikohozi kikavu na kukosa pumzi. Kesho yake au keshokutwa amepona. Nani kwetu asiyesema hiyo ni malaria? Lakini huko Uingereza, mwaka 1932, tabibu aitwaye Campbell aliandika habari za wakulima walioshikwa na ugonjwa wa namna hiyo baada ya kushughulikia majani yaliyooza kwa mvua. Baadaye, mwaka 1963, Pepys na wenzake walionyesha ya kuwa kiini chake ni vijimbegu vya vijidudu vinavyopenda joto, ambavyo huota ndani ya robota la majani yaliyofungwa yakiwa na unyevu. Ukitia mkono katikati ya robota kama hilo waona joto lake. Wafugaji wa ndege, hasa njiwa, nao huweza kupatwa na ugonjwa wa jamii hiyo kutokana na kinyesi na unga wa manyoya. Homa ikija mara moja hupita. Ikirudia mara nyingi kwa miaka, mapafu huota makovu, na kovu la pafu halifutiki. Basi homa ya jioni ipimwe malaria, kwa kuwa malaria nayo ipo; kipimo kikikataa, mtu akumbuke alikuwa wapi asubuhi.

Sasa nifike kwenye amonia, ambayo kila aliyeingia banda la kuku alfajiri anaijua kwa machozi yake. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki, na mkojo wa ng'ombe na nguruwe una urea. Bakteria huvivunja hivi na kutoa amonia, na huifanya kazi hiyo upesi zaidi mahali penye joto na maji. Tumesoma darasani ya kuwa gesi hii huyeyuka sana katika maji. Macho, pua na koo vina maji daima, basi amonia huyeyuka hapo hapo na kuwa kitu kikali chenye kuunguza. Ile inayonasa juu ya chembe za mavumbi hubebwa ndani zaidi. Taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani imependekeza ya kuwa mfanyakazi asikae siku nzima katika hewa yenye amonia kupita sehemu 25 kwa milioni. Na pua si mlinzi mwema hapa, kwa maana baada ya muda huizoea harufu na kunyamaza. Mgeni akiingia bandani akashika pua, mwenyeji humcheka, na kumbe mgeni ndiye anayesema kweli.

Muhula huu wanafunzi sita wa Kemia tulifanya jaribio dogo katika banda la shule. Tulitundika karatasi nyekundu za litmasi zilizoloweshwa maji mahali patatu: penye kimo cha kichwa cha kuku, penye kimo cha kiuno chetu, na juu karibu na dari. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, mapazia yamefungwa. Karatasi ya chini iligeuka kuwa buluu kabla ya zile nyingine, maana ilikuwa karibu na matandazo inakotoka gesi. Kuku, tukumbuke, huishi hapo chini usiku na mchana. Tulifungua mapazia, tukangoja nusu saa, tukatundika karatasi mpya chini. Hiyo ilikawia mno kubadilika, na rangi yake ilikuwa hafifu. Jaribio hili halina gharama, na shule yoyote yenye litmasi yaweza kulifanya. Halitoi hesabu kamili ya gesi, lakini lilitosha kuwanyamazisha waliokuwa wakisema mapazia yakifunguliwa kuku watakufa kwa baridi. Amonia huumiza macho na njia za hewa za kuku vile vile, na kuku aliyeumizwa hivyo hushindwa upesi na magonjwa ya kifua, ukiwamo mdondo. Kwa hiyo anayefungua banda kwa ajili ya kifua chake mwenyewe anafaidi na mayai.

Habari ya chokaa inanilazimu niseme zaidi kidogo. Mahali pengi watu hunyunyiza chokaa juu ya matandazo yaliyolowa ili kuondoa harufu. Maabarani, tunapotaka kutengeneza amonia, tunachanganya amonia kloraidi na chokaa iliyozimwa, kisha tunapasha moto. Hapana tofauti kubwa! Chokaa juu ya kinyesi chenye unyevu huifukuza amonia itoke kwa wingi mara moja, na anayeinyunyiza ndiye wa kwanza kuivuta. Mahali pa chokaa ni sakafu tupu, baada ya matandazo yote kutolewa nje na kabla ya kutandaza mapya.

Linalonitia hofu kuliko yote, walakini, halina harufu. Wazazi wengi hulea vifaranga ndani ya nyumba kwa jiko la mkaa, na usiku wa baridi hufunga dirisha, mmoja wa jamaa akalala humo ili aangalie moto. Mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kutapika, na aliyelala aweza asiamke. Mara nyingi mtoto mkubwa wa nyumba, aliye likizo, ndiye anayepewa kazi ya kulala na vifaranga. Wenzangu, tukifika nyumbani tusikubali kulala humo, na tuwaambie wazazi wetu kwa adabu sababu yake. Jiko liwashwe nje hadi mkaa ushike wote, chumba kiwe na tundu la hewa juu na chini, na mwangalizi alale chumba kingine na kuamka kwa saa. Kushika mkaa wote hakuondoi gesi hiyo, hupunguza moshi tu. Matundu ndiyo muhimu.

Shimo la kinyesi cha nguruwe au la biogesi lina hatari ya namna nyingine: haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu. Ni nzito kuliko hewa, basi hukaa shimoni, na ikiwa nyingi huiua pua isisikie tena harufu kabla haijamwua mtu mwenyewe. Aliyeanguka shimoni asifuatwe na mtu kwa kushuka. Aitiwe watu, avutwe kwa kamba. Nao wafuga mbuzi na kondoo wajihadhari wakati wa kuzalisha, kwa sababu maji ya uzazi na kondo la nyuma vyaweza kuwa na vijidudu vya homa ya Q, ambavyo mtu huvivuta kwa pumzi hata vikiisha kukauka katika mavumbi. Homa hiyo ilielezwa mara ya kwanza huko Brisbane, Australia, mwaka 1935, kwa watu wa machinjioni. Kondo lizikwe, lisitupwe uani.

Labda utauliza: je, barakoa haitoshi? Leso ya kitambaa huzuia mavumbi makubwa, ambayo pua ingeyazuia yenyewe. Barakoa ya N95 huzuia walau asilimia 95 ya chembe ndogo ikikaa usoni barabara, lakini haizuii amonia wala kaboni monoksaidi, maana hizo ni gesi. Ni nzuri siku ya kutoa matandazo yote. Siku nyingine zote hewa na ukavu vina kazi kubwa zaidi. Chota matandazo kwa kiganja ukayakamua: yakishikamana kama tonge, yamelowa mno, na mara nyingi chombo cha maji kinachovuja ndicho cha kulaumiwa; yakitimka unga, yamekauka mno, na hayo yasifagiwe kabla ya kurashiwa maji kidogo, kisha yatolewe siku hiyo hiyo. Mama alipunguza kuku hadi 250, akapandisha vyombo vya maji juu ya matofali, akaacha nafasi ya wavu upana wa mikono miwili chini ya paa ambayo turubai haiifuniki. Kikohozi hakijaisha kabisa. Usiku analala.

Mradi wetu wa shule umerithiwa tangu siku za Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na tunajivunia, ila ratiba ya kazi ilipangwa bila kufikiri vifua. Zamu ya Jumamosi ilikuwa ikitolewa kama adhabu kwa waliochelewa mstarini, na asiyejua kazi hutimua mavumbi kuliko ajuaye. Tangu mwezi uliopita mapazia hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hapana aingiaye kabla ya nusu saa kupita. Kuku hutolewa uani kwanza. Wenye koleo hupokezana kila robo saa, nao huoga na kubadili nguo kabla ya kuingia bwenini. Kuna mwenzetu wa kidato cha pili mwenye pumu ambaye hakupenda kutajwa kuwa na pumu. Sasa yeye ndiye mweka daftari la mayai, kazi yake huifanya nje chini ya mwembe, na daftari halijawahi kuwa safi namna ile. Mwalimu wa mradi amekubali ukuta wa kusini uvunjwe mistari mitano ya juu ya matofali, mahali pake pawekwe wavu. Wavu umekwisha kununuliwa, uko stoo. Anangojwa fundi.